Kufungua boksi la pawa steringi la gari kuukuu bila kuliharibu: kazi niliyoifanya mwenyewe hapa Malindi

#1. Mleta uzi, Malindi

Assalaam aleikum, ndugu zangu. Jana nilimaliza kurudisha boksi la usukani la Land Cruiser yangu ya mfululizo wa 60, yenye injini ya dizeli ya 2H, boksi lililokuwa likivuja mafuta, na nimeona niandike jinsi kazi ilivyokwenda kabla sijasahau. Magari haya yalitengenezwa kuanzia 1980 hadi 1990 na bado yanatufaa sana huku kwetu, lakini kwa niliyoyaona mimi, maboksi yake huumizwa zaidi siku ya kufunguliwa kuliko yanavyochakaa barabarani. Nalisema hilo kwa uchungu. Boksi la kwanza la gari hili lilifia mikononi mwa gereji moja ambayo sitaitaja. Nilisimama pembeni nikitazama shafti yake ikipigwa nyundo kubwa, pigo baada ya pigo, nikidhani ndivyo kazi hiyo inavyofanywa.

Ili ieleweke kwa nini nyundo ni adui, lazima nieleze kilichomo ndani. Unapozungusha usukani, shafti yake huzungusha mnyoo wa chuma ulio ndani ya boksi. Mnyoo huo umevikwa nati kubwa, na baina yake na nati kuna gololi zinazobingirika katika mifereji, zikifika mwisho hupita kwenye kijibomba na kurudi zilikotoka. Nati ina meno ubavuni, nayo meno hayo hushikana na meno ya shafti ya pili, ile inayoitwa shafti ya sekta, ambayo hutokeza chini ya boksi na kubeba mkono wa pitimani unaosukuma fito za magurudumu. Mafuta yenye presha kutoka kwenye pampu huisukuma nati hiyo hiyo upande mmoja au mwingine, na ndiyo sababu gari la karibu tani mbili hukata kona kwa nguvu ya vidole. Sasa fikiria mtu analala chini ya gari na kuipiga ncha ya shafti ya sekta kwa nyundo akitaka mkono wa pitimani uachie. Pigo lile halibaki kwenye mkono. Hupanda na shafti hadi kwenye skrubu ya kurekebishia iliyo juu ya mfuniko, hugonga meno kwa meno, na gololi huacha vidimbwi vidogo katika mifereji iliyokuwa laini kama kioo. Baada ya hapo usukani hukwamakwama ukiwa katikati, na hakuna sili mpya (ule mpira wa kuzuia mafuta yasivuje) itakayoponya hali hiyo.

Kabla ya kufungua chochote, hakikisha kwamba mkosaji ni boksi. Mafuta hushuka na huenezwa na upepo wa mwendo, hivyo yanayodondoka kwenye pitimani huenda yametoka juu kabisa, kwenye nati ya paipu ya presha. Mimi nililiosha boksi kwa dizeli na brashi, nikalikausha vizuri, nikalipaka unga wa ngano mkavu kote, kisha mwanangu akazungusha usukani huku na huku injini ikiwa inanguruma taratibu. Unga ulilowa mahali pamoja tu, duara ya rangi ya damu ya mzee kuzunguka shafti ya sekta. Kama tatizo lako ni usukani kulegea wala si kuvuja, mtu mmoja atikise usukani kidogo kidogo na wewe ulale chini utazame: je, kiungo cha shafti ya usukani kinacheza, au ni vichwa vya fito, au ni kweli shafti inayoingia boksini inazunguka na pitimani haitikisiki? Nimeona watu wakinunua boksi zima kwa sababu ya kichwa kimoja cha fito kilichochakaa.

Haya, kazi yenyewe. Siku tatu kabla, asubuhi na jioni, nilizilowesha nati na bolti zote mafuta ya kulegeza kutu baada ya kuzisugua kwa brashi ya waya. Sisi tunaoishi na upepo wa bahari, na hasa wale wanaopita Gongoni na Marereni kwenye mashamba ya chumvi, hatuwezi kuruka hatua hii.

Siku ya kazi, gari liwe mahali pa sawa na magurudumu yanyooke mbele. Kabla ya kupiga jeki, legeza kwanza nati kubwa ya pitimani. Hili silo jambo ambalo wengi hulifuata, lakini lina sababu: gari likiwa chini na fito zikiwa bado zimefungwa, magurudumu ndiyo yanayouzuia mkono usizunguke, kwa hiyo nguvu yako haiendi kwenye meno ya ndani ya boksi. Nilitumia soketi nzito na mpini niliouongezea bomba la chuma la urefu wa mita moja na nusu hivi. Nati iligoma kwa muda mrefu, kisha ikaachia kwa mlio mkavu. Usiitoe, ilegeze mizunguko michache tu.

Ndipo upige jeki na kulaza chesisi juu ya stendi za chuma. Naomba tusikilizane hapa. Usiegemeze gari juu ya matofali ya tumbawe. Yapo kila ua wa Malindi, yanaonekana imara, na ukutani ni imara kweli, lakini mzigo ukikaa kwenye sehemu ndogo jiwe hilo hupasuka ghafla bila kutoa onyo. Kazi hii inakuweka kifudifudi au chali chini ya injini kwa saa kadhaa. Kama huna stendi, azima.

Nyonya mafuta ya usukani kutoka kwenye kopo lake, toa paipu ya kurudishia, elekeza kwenye ndoo, kisha zungusha usukani mwisho hadi mwisho polepole ili boksi lijimwage, injini ikiwa imezimwa. Rudisha magurudumu katikati. Nati ya paipu ya presha ifunguliwe kwa spana ya pete yenye mwanya, ile ya paipu za breki, kwa sababu spana ya kawaida hukwangua kona za nati na ukishazikwangua umejitafutia siku nzima ya dhiki. Shika kiungo cha upande wa boksi kwa spana ya pili ili paipu isijipinde. Midomo yote iliyobaki wazi niliifunga kwa vidole vya glavu za mpira nilivyovikata na kuvikaza kwa uzi. Usiizibe kwa matambara, kwani nyuzi zake na mchanga huingia ndani, na pampu haisamehi mchanga.

Kwenye kiungo cha shafti ya usukani, piga alama kwa senta panchi (msumari mgumu wa kutia alama kwenye chuma) upande huu na upande huu kabla ya kulegeza. Alama ya rangi peke yake hufutika kwa dizeli. Bolti ya kubana kiungo hicho lazima itoke yote, maana hupita kwenye mfereji uliochongwa katika shafti, na ukiilegeza tu utavuta hadi jioni bila mafanikio. Kikikaza, tia tindo kwenye mwanya kwa upole kipanuke kidogo. Usukani nao ufunge kwa kamba usijizungushe.

Sasa pitimani. Mkono huu umekaa kwenye meno membamba ya shafti iliyochongoka kama shina la mwiko, umekazwa kwa nguvu kubwa, na pengine haujatoka tangu gari litoke kiwandani. Piga alama mbili kwa senta panchi, moja kwenye mkono na moja kwenye ncha ya shafti, zikitazamana. Tenga fito na mkono kwa kuitoa pini ya nati yake na kukivuta kichwa kwa pula, yaani chombo cha skrubu cha kuvutia. Wengine hutumia uma wa kupigilia, nao hupasua mpira wa kukinga vumbi. Kisha fungua nati ya pitimani hadi iwe sawa na ncha ya shafti, isitoke. Itazilinda nyuzi za shafti na itauzuia mkono usikuangukie usoni.

Pula inayohitajika ni ile nzito ya pitimani iliyofuliwa kipande kimoja. Ile ya miguu miwili ya kutolea beringi hupanuka na kuteleza, na ikiteleza ikiwa na mkazo inaweza kukuvunja mkono. Niliikaza pula hadi bomba likaanza kupinda, nikaacha, nikaenda kuswali adhuhuri. Niliporudi niliongeza robo mzunguko, kisha nikagonga ubavu wa tundu la mkono kwa nyundo ya ratili mbili, pigo mbili za upande, si za kwenda juu. Mkono uliachia kwa mlio kama nazi inayopigwa upanga. Kukaza, kusubiri, kugonga ubavuni: hiyo ndiyo siri yote, na ndiyo iliyokosekana siku ile ya gereji.

Bolti zinazolifunga boksi ubavuni mwa chesisi zilibaki kuwa kazi nyepesi, ila boksi ni zito na lina mafuta ya kuteleza, basi mtu wa pili alishike kabla ya bolti ya mwisho kutoka. Likishatoka, osha chesisi mahali lilipokuwa na utazame kama kuna nyufa kuzunguka matundu ya bolti.

Nikiwa na boksi mezani niliona chanzo cha yote. Nilipopitisha ukucha juu ya shafti ya sekta, ulikwama kwenye mstari mwembamba wa vishimo vya kutu, mahali hasa ambapo mdomo wa sili hukaa. Nitaeleza nilivyofanya kama kuna atakayependa kujua.

#2. Mchangiaji, Mambrui

Waaleikum salaam. Mimi ni fundi na nimefanya kazi hii miaka mingi, na ninakubaliana nawe kuhusu nyundo. Lakini ninatofautiana kidogo. Mimi huacha mkono wa pitimani kwenye boksi, nikatenga fito tu, nikalitoa boksi lote, kisha nikautoa mkono mezani nikiwa nimelibana kwenye jiliwa. Kule chini ya gari pula hukosa nafasi, na mchanga unakuingia machoni.

#3. Mleta uzi

Fundi, njia yako ni nzuri pale ambapo mkono unapata nafasi ya kupita, na kwa mwenye jiliwa kubwa iliyofungwa kwenye meza isiyotikisika ninaipendekeza kuliko yangu. Mimi nyumbani sina jiliwa ya ukubwa huo. Naomba tu kuongeza kwamba hata kwa njia hiyo nati ilegezwe gari likiwa bado chini. Ukiifungua boksi likiwa mezani, kinachozuia shafti isizunguke ni kikomo cha ndani cha boksi, na nguvu ya bomba la mita moja na nusu si ya kupelekwa huko.

#4. Mchangiaji, Mambrui

Hilo nimelipokea. Mimi huubana mkono wenyewe kwenye jiliwa, si boksi, ninapofungua nati, kwa hiyo nguvu haifiki ndani. Ila vijana wangu wawili hawafanyi hivyo, na kuanzia leo watafanya.

#5. Mchangiaji, Kilifi

Shikamoo mzee wangu. Nina Mercedes ya W123 aliyoniachia marehemu baba. Usukani wake umelegea na boksi linavuja pia. Je, maelezo haya yanaifaa, au ile ni kazi nyingine kabisa?

#6. Mleta uzi

Marahaba, mwanangu, na Mungu amrehemu mzee. W123 nayo ina boksi la gololi na mkono wa pitimani, hivyo moyo wa kazi ni ule ule. Tofauti ni kwamba upande wa pili wa gari kuna mkono mwingine unaoning'iniza fito ya katikati, tena kuna kizuia mtikisiko kilichofungwa kwenye fito hiyo. Bushi za mkono huo wa pili zikiisha, usukani hulegea hata kama boksi ni zima, kwa hiyo ukague kwanza, ni kazi ya bei ndogo. Boksi la Mercedes pia lina tundu lenye plagi, ambamo huingizwa pini maalum ya kulishikilia katikati kabisa wakati wa kulifunga. Ukiitumia, itoe kabla ya mtu yeyote kugusa usukani.

Nakusihi jambo moja. Usiikaze skrubu ya juu ili kuondoa ulegevu. Watakaokushauri hivyo ni wengi. Boksi limetengenezwa likaze kidogo likiwa katikati na lilegee kuelekea pande zote mbili. Ukiikaza kwa kufuata ulegevu wa pembeni, katikati patabana, usukani hautarudi wenyewe baada ya kona, na meno yatalika kwa muda mfupi.

#7. Mchangiaji, Mokowe

Salaam kutoka upande wa Lamu. Wenzetu wa kisiwani wana punda na mashua, lakini sisi wa bara tunayategemea magari haya. Huku sijapata pula ya pitimani hata ya kuazima. Kuna jirani ameniambia niupashe mkono moto kwa gesi mpaka uwe mwekundu, utatoka wenyewe. Je, nifuate?

#8. Mleta uzi

Hapana, ndugu yangu, nakuomba usifanye hivyo. Chuma cha mkono ule kimefuliwa na kutiwa ugumu kwa moto wa kipimo maalum, na ukikifanya chekundu ugumu ule unaondoka. Hutaona tofauti kwa macho. Utaiona siku mkono utakapopinda au kukatika ukiwa kwenye mwendo, na hapo usukani hauna mazungumzo tena na magurudumu. Sili nayo itaungua, na mafuta yaliyobaki ndani yanaweza kushika moto nawe uko chini. Mwagize mtu anayekuja Malindi au Mombasa akuletee pula, hata ya kukodi. Kwa siku za kusubiri, endelea kulowesha mafuta ya kutu asubuhi na jioni.

#9. Mchangiaji, Watamu

Kaka, ahsante kwa uzi huu. Gari langu ni la miaka ya tisini mwishoni na lina mfuko wa hewa katika usukani. Naweza kufuata hatua hizi hizi?

#10. Mleta uzi

Dada, unaweza, ila kwako kuufunga usukani usizunguke si hiari. Ndani ya usukani wenye mfuko wa hewa kuna utepe wa waya uliojikunja, wenye idadi maalum ya mizunguko. Usukani ukizunguka ovyo boksi likiwa limetengwa, utepe huo hukatika utakapoendesha. Tazama kwanza kama gari lako lina boksi kweli. Magari mengi madogo, na hata Peugeot 504 ya zamani, yana reki (ufito wenye meno unaosogea kulia na kushoto badala ya boksi), na reki hufunguliwa kwa utaratibu mwingine.

#11. Mchangiaji, Mambrui

Mzee, tuambie vishimo vya kutu ulivifanyaje. Wengi huweka sili mpya juu ya shafti iliyolika, na baada ya mwezi wanarudi kulalamika kwamba sili ni bandia.

#12. Mleta uzi

Nilisugua mstari ule kwa msasa laini sana uliolowa mafuta, nikiuzungusha kufuata duara ya shafti, si kwa urefu wake, kwa sababu mikwaruzo ya urefu huwa mifereji ya mafuta kutokea. Vishimo vilipungua lakini havikuisha. Bahati nzuri, kishimo cha kukalia sili kina nafasi ndogo ya ziada, hivyo niliikalisha sili mpya milimita moja na nusu hivi juu ya ilipokuwa ile ya zamani, na mdomo wake sasa unakaa kwenye chuma safi. Kama nafasi hiyo isingekuwapo ningetafuta shafti nyingine. Kabla ya kuipitisha sili niliyafunika meno ya shafti kwa karatasi ya nailoni iliyopakwa mafuta, maana meno yale hukata mpira kama wembe. Nilitikisa pia shafti kwa mkono ili kuona kama beringi zake zimelegea. Zikilegea, sili yoyote utakayoweka haitadumu.

Kurudisha ni kinyume cha kutoa, isipokuwa mambo mawili. La kwanza ni katikati ya boksi: nilizungusha shafti ya kuingilia kutoka mwisho hadi mwisho nikihesabu mizunguko, nikarudi nusu yake, ndipo alama zangu za senta panchi zikakutana. La pili ni hewa. Magurudumu ya mbele yakiwa juu na injini imezimwa, jaza kopo kwa mafuta yaliyoandikwa katika kitabu cha gari, ambayo kwangu ni ATF (mafuta ya gia za otomatiki) ya aina ya Dexron, kisha zungusha usukani mwisho hadi mwisho mara kumi au kumi na tano ukiongeza mafuta kila yanaposhuka. Ndipo uwashe injini kwa mngurumo wa chini na urudie. Usiushikilie usukani kwenye kikomo kwa zaidi ya sekunde chache, kwa kuwa pampu hupata joto kali. Mafuta yakiwa na povu kama togwa, zima, subiri yatulie, anza tena. Na kamwe usijazie mafuta ya breki, hata kidogo, hata ukiwa porini. Sili za usukani huvimba na kuoza kwa mafuta hayo.

#13. Mchangiaji, Kilifi

Mzee wangu, nimefuata ulivyosema. Kumbe bushi za ule mkono wa pili ndizo zilizokuwa zimeisha kabisa, nikizisukuma kwa kidole mkono unapanda na kushuka. Boksi nitalishughulikia baadaye kwa ajili ya kuvuja tu.

#14. Mleta uzi

Alhamdulillah. Nunua pia mafuta mapya ya usukani siku hiyo, na uangalie kizuia mtikisiko kama kinavuja.

Kwa upande wangu, wiki tatu zimepita. Nilikwenda Marafa na kurudi kwa barabara ya mawe, kisha nikavuka mto Sabaki mara kadhaa na mizigo. Jana nililala chini ya gari nikakagua kila bolti kwa spana. Mbili za chesisi zilikubali kukazwa kidogo. Nilipitisha kitambaa cheupe kuzunguka shafti ya sekta kikatoka kikavu, na mstari wa rangi nyeupe nilioupaka kati ya nati ya pitimani na mkono wake bado umenyooka.